Sandy Bull: Banjo moja, muziki wa dunia nzima

Msikilizaji wa taarabu anaujua udi. Je, banjo? Ni ala ya nyuzi yenye shingo ndefu na mwili wa mviringo uliowambwa ngozi kama ngoma. Mizizi yake iko Afrika. Waafrika waliouzwa utumwani ndio waliounda banjo za mwanzo kwa vibuyu huko Karibi na Marekani.

Leo tunamwangazia Sandy Bull, Mmarekani aliyeipeleka ala hiyo mbali na nyimbo za mashambani ilizozoeleka kwazo.

Alizaliwa New York mwaka 1941. Mama yake, Daphne Hellman, alikuwa mpiga kinubi wa jazi. Mwaka 1963 Bull alitoa albamu yake ya kwanza, Fantasias for Guitar and Banjo. Humo hakuna anayeimba. Upande mzima wa santuri ni kipande kimoja cha gitaa cha takriban dakika 22, akisindikizwa na ngoma za Billy Higgins. Nyimbo nyingi tunazowapigia redioni hazifiki hata dakika 5!

Upande wa pili, banjo peke yake inabeba Carmina Burana, kazi ambayo Mjerumani Carl Orff aliitungia kwaya na okestra kubwa.

Alifanyaje? Aliacha uzi mmoja uvume bila kubadilika, huku nyuzi nyingine zikizunguka, zikirudia na kuongeza kasi, hadi msikilizaji ahisi kama yuko njozini. Muziki wa namna hiyo ulikuja kuitwa saikedeliki.

Udi alijifunza kwa rafiki yake Hamza El Din, Mnubi wa Misri. Jukwaani mara nyingi alikuwa peke yake: alirekodi ala nyingine kwenye tepu mapema, kisha akapiga juu yake.

Lakini uraibu wa heroini ulimgharimu sana. Baada ya albamu ya mwaka 1972, nyingine haikutoka hadi 1988. Ni miaka 16 ya ukimya kwa mtu aliyekuwa mbele ya wenzake. Aliacha dawa hizo, akarudi studio, na akaendelea kurekodi hadi miaka ya 1990.

Saratani ya mapafu ilimuua Aprili 2001, akiwa na miaka 60.

Ukizipata kazi zake kwenye simu yako, anza na banjo. Utaisikia ngozi ya ngoma chini ya nyuzi.