Richard Trevithick, mtoto wa kapita aliyeipa treni sauti yake

Huko Ulaya na Marekani kuna wababa wazima wenye kutengeneza treni ndogo za kuchezea nyumbani. Lokomotivi ni ya mvuke kwa sura tu, unaweza kuibeba kwa mkono mmoja, na inatembea kwa umeme. Kwa hiyo inapita kimya kama paka. Juu ya hiyo wanafungua lile gari la nyuma lenye kubeba makaa na mayi, wanaingiza ndani dekodere (hapana ile ya televizyo, ni kipande kidogo cha elektroniki chenye kuchunga sauti zilizorekodiwa) pamoja na bafle, ao spika, yenye ukubwa wa kipande cha sukari. Bafle inafungwa ndani ya kasanduku kasikovuja hewa. Bila kasanduku, sauti ya mbele na ya nyuma zinauana, na lokomotivi inalia kama mbu.

Halafu njo kazi yenyewe: kupanga dekodere ili pumzi zilingane na magurudumu. Lokomotivi ya silinda mbili inapumua mara nne kila gurudumu likizunguka mara moja. Ikikosea, mzee aliyefanya kazi ku reli anajua palepale.

Lakini hiyo sauti inatoka wapi? Hapana motoni, wala ku magurudumu. Ni mvuke uliokwisha kusukuma pistoni, unatupwa kwa nguvu ndani ya bomba la moshi. Mtu aliyeutupa pale na kuona faida yake alikuwa mtoto wa mgodi, na historia yake inafaa isomwe katika nyumba za wachimbaji.

Richard Trevithick alizaliwa tarehe 13 Aprili 1771 huko Cornwall, upande wa magaribi wa Uingereza, nchi ya shaba na bati. Baba yake alikuwa kapita mkubwa wa mgodi. Ku masomo mwalimu alimuona kuwa mkaidi na mvivu, hata kama hesabu alizipata kwa njia zake mwenyewe. Alikuwa mrefu, karibu metre 1,88, na mwenye nguvu ya kushinda wengi katika mieleka. Mtoto wa namna ile haketi darasani. Alishuka shimoni.

Shida ya migodi ile wachimbaji wetu wanaijua: mayi. Kadiri unavyochimba chini, mayi yanajaa, na pompi haipaswi kusimama. Pompi ziliendeshwa na mashini za mvuke za James Watt. Cornwall haina makaa. Yalikuja kwa mashua na yaliuzwa bei kali. Zaidi ya hiyo, wenye migodi walimlipa Watt na mwenzake sehemu ya tatu ya faida ya makaa waliyookoa, juu sheria ilimchungia Watt haki ya uvumbuzi wake mpaka mwaka 1800. Mashini ya Watt ilitumia mvuke mlegevu, ilikuwa kubwa kama nyumba, na mvuke wake ulipozwa ukawa mayi tena. Haikuwa na makelele mengi. Lakini nani angeiweka juu ya magurudumu?

Trevithick alichagua mvuke mkali. Silinda ndogo, tangi nguvu, na mvuke ukimaliza kazi unatupwa inje. Aliuliza rafiki yake mwenye elimu, Davies Giddy, ni nguvu gani itapotea kwa kuutupa hivi. Giddy alipiga hesabu akaona hasara ni ndogo. Tarehe 24 Disemba 1801, mjini Camborne, Trevithick alipandisha kilima na gari lake la mvuke, watu kadiri saba ao nane wakiwa juu. Siku chache nyuma lile gari liliharibika njiani. Yeye na wenzake waliliweka chini ya banda, wakaenda kula na kunywa, wakasahau moto. Mayi yalikauka, gari likaungua lote. Hiyo ilikuwa tabia yake: akili nyingi, uangalifu kidogo.

Mwaka 1803 mambo yalikuwa mabaya zaidi. Tangi moja la mashini yake lilipasuka huko Greenwich, likaua watu wane. Watu wa upande wa Watt walitumia vifo vile kumsema. Mimi naona hapa njo alionyesha utu wake, juu hakukimbia. Tangu pale aliweka supape mbili za usalama, moja ikiwa mbali na mkono wa mwendeshaji, na kizibo cha risasi ku tangi: mayi yakipunguka kupita kiasi, risasi inayeyuka na kutoa alama mbele ya tangi kupasuka.

Tarehe 21 Februari 1804 ilifika siku yake. Huko Penydarren, Wales, mwenye kiwanda cha chuma aliweka dau la gini 500 na mwenzake kwamba mashini itavuta tani kumi za chuma. Ilizivuta, mavagoni matano, na watu kadiri 70 wakarukia juu. Ilikwenda karibu kilometa 16 kwa saa ine na dakika tano, pamoja na kusimama kukata miti na kuondoa mawe njiani. Ilikuwa na silinda moja tu. Mwenye kuitengenezea dekodere leo atapanga pumzi mbili kwa mzunguko, hapana ine. Trevithick aliona kwamba mvuke ukitupwa ndani ya bomba la moshi unavuta hewa, na moto unawaka zaidi. Sauti na nguvu zilitoka pahali pamoja.

Lakini reli za chuma dhaifu zilivunjika chini ya uzito. Mwaka 1808, huko London, alizungusha lokomotivi ingine ku njia ya duara, watu wakilipa shilingi kuiona. Reli ikavunjika tena. Mwaka ule ule handaki alilochimba chini ya mto Thames liliingiliwa na mayi. Yeye alitoka wa mwisho, nusu afe. Mwaka 1811 alifilisika.

Mwaka 1816 alipanda mashua kwenda Peru, ku migodi ya feza ya Cerro de Pasco, ambako pompi zake zilikuwa zimetumwa. Vita ya uhuru ilikuta kazi ile na kuiharibu. Miaka 11 alikuwa mbali. Bibi yake, Jane, alibaki na watoto sita, akachunga nyumba ya wageni huko Hayle ili wale. Kuhusu Jane watu wanaandika kidogo sana, na mimi naona ni kosa. Mwaka 1827, huko Cartagena, Trevithick alikutana akiwa masikini na Robert Stephenson, kijana ambaye yeye na baba yake walikuwa wanapata sifa kwa lokomotivi. Robert alimpa paundi 50 za safari.

Aliomba serikali imlipe kitu kwa kazi aliyoifanyia nchi. Walikataa. Alikufa tarehe 22 Aprili 1833 katika hoteli moja huko Dartford, alipokuwa anafanya kazi ku kiwanda, na deni la hoteli likiwa halijalipwa. Hakukuwa na falanga za mazishi. Wafanyakazi wa kile kiwanda njo walichanga, wakabeba sanduku, wakalipa walinzi wa usiku ili wezi wa maiti wasifukue. Hawakuweka jiwe. Leo kuna sanamu yake Camborne na dirisha la kumbukumbu ku kanisa la Westminster, lakini kaburi lenyewe hakuna anayeweza kulionyesha kwa kidole.