Hayati Benedicto Kiwanuka: Askari Aliyepanda hadi Kiti cha Jaji Mkuu

Kila mwaka, tarehe 21 Septemba, Mahakama ya Uganda humkumbuka Jaji Mkuu wake wa kwanza aliyekuwa mwananchi wa nchi hii, hayati Benedicto Kiwanuka. Tangu mwaka 2018 majaji, mawakili na wanafunzi wa sheria hukutana kusikiliza mhadhara uliopewa jina lake. Sisi tuvaao sare kwa kawaida huzisikia habari hizo kwa mbali, kana kwamba ni shughuli ya watu wa majoho peke yao. Hivyo sivyo. Marehemu alikuwa askari kabla hajawa wakili, na waliomtoa ofisini mwake siku ile ya mwaka 1972 walikuwa watu wa dola wenye silaha. Maisha yake yanatuhusu kwa pande zote mbili. Kwa sababu hiyo tumeona vema leo kuwasimulia wasomaji wetu, askari kwa polisi, pamoja na mawakili vijana wanaoanza kazi katika ofisi za sheria za majeshi yetu.

Benedicto Kiwanuka alizaliwa tarehe 8 Mei 1922 upande wa Masaka, nchini Buganda, katika jamaa ya Wakatoliki. Alipofika umri wa miaka 20 dunia ilikuwa vitani, naye mwaka 1942 akajiunga na jeshi la Mwingereza kama walivyofanya maelfu ya vijana wa Afrika Mashariki. Alitumika Kenya, Misri na Palestina, na alipoliacha jeshi mwaka 1946 alikuwa amefikia cheo cha sajini meja. Katika majeshi yale Kiswahili ndicho kilichokuwa lugha ya kambini na ya amri, wala hatuna haja ya kuwaeleza wasomaji wetu kazi ya sajini meja. Yeye ndiye msimamizi wa nidhamu. Asubuhi askari wanapohesabiwa na mmoja akakosekana, yeye ndiye aulizwaye mtu huyo yuko wapi, na hana ruhusa kujibu kwamba hajui. Tunawaomba wasomaji walishike jambo hilo, kwa maana tutalirudia.

Baada ya vita alipata kazi ya ukarani na ukalimani katika Mahakama Kuu mjini Kampala. Ukalimani ni kazi nzito kuliko inavyodhaniwa. Majaji wa siku zile walikuwa Waingereza, washitakiwa wengi hawakujua neno la Kiingereza, na uhai wa mtu uliweza kutegemea jinsi neno moja lilivyogeuzwa kutoka lugha hii hadi ile. Hapo ndipo mwanajeshi huyo wa zamani alipoiona sheria kwa karibu, akasimama siku baada ya siku kati ya mwenye kuhukumu na mwenye kuhukumiwa.

Mwanzoni mwa miaka ya 1950 alikwenda kusoma katika Chuo cha Pius XII, mahali paitwapo Roma, nchini Basutoland, ambayo leo ni Lesotho. Kutoka huko alikwenda Uingereza akasomea sheria katika Chuo Kikuu cha London, na mwaka 1956 akaidhinishwa kuwa wakili na Gray's Inn, mojawapo ya vyama vinne vya kale vya mawakili wa London. Umri wake wakati huo ulikuwa miaka 33. Wako vijana wetu wenye cheo cha koplo au sajini ambao hudhani kwamba mlango wa elimu umekwisha kufungwa kwa sababu wamepita miaka 25. Na watazame mfano huu. Mtu aliyeipa jeshi miaka minne ya ujana wake, kisha akakaa mezani kama karani, ndiye aliyekuja kuwaongoza majaji wote wa nchi.

Aliporudi Kampala alifungua ofisi ya uwakili, lakini nchi ilikuwa katika heka heka za kutafuta uhuru, na siasa haikumwacha. Mwaka 1958 alichaguliwa kuwa Rais wa chama cha Democratic Party. Askari hana chama, nasi hatuandiki kukipamba chama hiki wala kukishusha kile. Tunataja yaliyotukia tu. Katika uchaguzi wa Machi 1961 chama chake kilipata viti 43 na UPC ikapata 35, ingawa kwa jumla ya kura UPC ndiyo iliyotangulia. Sababu ni kwamba watu wengi wa Buganda walisusia uchaguzi ule kwa kufuata msimamo wa Serikali ya Kabaka iliyokuwa Mengo, na wachache waliopiga kura wakakipa chama cha Kiwanuka karibu viti vyote vya huko. Hivyo Kiwanuka akawa Waziri Kiongozi mwezi Julai 1961, na nchi ilipopewa madaraka ya ndani tarehe 1 Machi 1962 akawa Waziri Mkuu wa kwanza wa Uganda. Katika uchaguzi wa Aprili mwaka huo huo alishindwa na muungano wa UPC na Kabaka Yekka, naye Milton Obote akashika madaraka. Bendera ya uhuru ilipopandishwa tarehe 9 Oktoba 1962, Kiwanuka hakuwa Serikalini. Aliondoka kwa kura kama alivyoingia kwa kura, akarudia kazi ya sheria na uongozi wa upinzani.

Mwaka 1969 alitiwa kizuizini. Huko alikaa hadi Januari 1971, Jenerali Idi Amin alipoipindua Serikali ya Obote na kuwafungulia wafungwa wa kisiasa. Mwezi Juni mwaka huo Amin alimteua kuwa Jaji Mkuu, na kwa mara ya kwanza kiti hicho kikakaliwa na Mganda. Wengi walishangilia. Mtu aliyejua kizuizi ni nini kwa kulala ndani yake sasa alikuwa na kalamu ya kuwatoa wengine.

Lakini furaha ile haikudumu. Serikali ya kijeshi ilitoa amri zilizowapa askari uwezo wa kuwakamata raia, na mwaka 1972 ikatoa nyingine iliyoikinga Serikali isishitakiwe kwa mambo iliyotenda kwa jina la usalama. Mwezi Septemba 1971 Michael Kaggwa, Rais wa Mahakama ya Viwanda, aliuawa na mwili wake ukakutwa umeungua ndani ya gari. Jaji Mkuu hakuhitaji mtu wa kumwambia maana yake. Aliendelea kukaa katika kiti chake na kusikiliza kesi zilizoletwa mbele yake.

Ikaja Septemba 1972. Mwezi uliotangulia Amin alikuwa amewapa Waasia siku 90 wawe wameondoka nchini, na hali ilikuwa ya wasiwasi mkubwa. Katika siku hizo wanajeshi walimkamata mfanyabiashara mmoja Mwingereza wakamweka kizuizini. Mawakili wake walikwenda Mahakama Kuu kuomba amri ambayo wanasheria huiita kwa Kilatini habeas corpus. Maana ya amri hiyo ni nyepesi. Mahakama humwambia aliyemshika mtu: mlete mtu huyo hapa mbele yetu, utueleze umemshika kwa sheria gani, na kama huna sheria, mwachie. Amri hiyo haimwambii mlinzi kwamba mshikwa hana kosa. Inamwuliza tu mtu yuko wapi, na yuko huko kwa sababu gani. Ni swali lile lile la sajini meja asubuhi mbele ya kikosi. Kiwanuka alikuwa amelijibu jeshini miaka mingi kabla hajalisoma katika vitabu vya London.

Alisikiliza maombi hayo, akaamua kwamba wanajeshi hawakuwa na mamlaka ya kumshika mtu yule, akaamuru aachiliwe. Mshikwa hakuwa Mganda, wala hakuwa jamaa wa Jaji, wala hakuwa wa chama chake. Alikuwa mgeni wa taifa ambalo Serikali ilikuwa ikigombana nalo, na kumtetea hakukuwa na faida yoyote kwa mtu aliyetaka kupendwa na wakubwa. Hapo ndipo penye uzito wa hukumu ile.

Tarehe 17 Septemba wapiganaji wa Obote walivuka mpaka kutoka Tanzania wakashambulia kusini mwa nchi, nao wakashindwa. Baada ya hapo mkono wa Serikali uliwaangukia wote walioshukiwa. Asubuhi ya Alhamisi, tarehe 21 Septemba 1972, watu wenye silaha waliovaa nguo za kiraia waliingia katika jengo la Mahakama Kuu mjini Kampala, wakamchukua Jaji Mkuu kutoka ofisini mwake mchana kweupe, wakamtia katika gari na kuondoka naye. Hakuonekana tena. Serikali ilidai kwamba waliomteka ni waasi, lakini habari zilizopatikana baadaye zinasema alipelekwa gereza la kijeshi la Makindye, akauawa huko. Jamaa zake hawakupewa mwili wa kuzika. Alikuwa na umri wa miaka 50.

Yafaa tuseme wazi jambo ambalo halisemwi mara nyingi katika makambi. Wako waliodhani siku zile kwamba mahakama inapovunjwa, anayepata hasara ni raia na mwanasiasa, na kwamba mwenye bunduki hupata nafuu. Historia ya jeshi lenyewe yakanusha hayo. Wa kwanza kuuawa kwa wingi bila kushitakiwa walikuwa askari. Mwaka 1971 mamia ya wanajeshi wa kabila la Acholi na la Lango waliuawa katika kambi zao, Mbarara, Jinja na kwingineko, mikononi mwa wenzao waliokula nao chungu kimoja. Brigedia Suleiman Hussein, aliyekuwa mmoja wa wakuu wa jeshi siku ya mapinduzi, alikufa kizuizini mwaka huo. Mwaka 1974 Luteni Kanali Michael Ondoga, aliyekuwa amekwisha kuwa Waziri wa Mambo ya Nje wa Serikali ile ile, alitekwa, na mwili wake ukatolewa katika Mto Nile. Hao wote walikuwa maofisa na askari wenye namba na vyeo. Walipotoweka, hapakuwa na Jaji aliyeweza kuuliza wako wapi akajibiwa. Aliyekata mti wa kivuli asilalamike jua likimchoma.

Polisi nao walipata sehemu yao. Kazi ya kukamata, kuandika maelezo na kufikisha watu mahakamani ni yao kwa sheria, lakini ilinyakuliwa na vikosi vya siri visivyokuwa na daftari wala hakimu. Raia aliyekwenda kituoni kumtafuta nduguye aliambiwa hayupo, na polisi aliyesema hivyo mara nyingi alisema kweli, maana hata yeye hakuwa na njia ya kujua. Heshima ya kituo ikaondoka pamoja na kazi yake, na Serikali ile ilipoanguka tarehe 11 Aprili 1979 wananchi walikuwa wamekwisha kuiogopa kila sare, ya mwema na ya mwovu.

Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 iliandikwa na watu walioyajua hayo. Ibara ya 23 yataka mtu aliyekamatwa kwa kushukiwa kosa afikishwe mahakamani kabla ya saa 48 kupita. Ibara ya 44 yasema kwamba haki ya kuiomba amri ile ya kumleta mshikwa mbele ya mahakama haiwezi kuondolewa kwa hali yoyote. Ibara ya 128 yaweka uhuru wa mahakama. Na ibara ya 221 yatutaja sisi wenyewe, jeshi, polisi na magereza, na kutuwajibisha kuheshimu haki za binadamu tunapofanya kazi zetu. Basi amri ya mahakama si dharau kwa jeshi. Ni sehemu ya amri zetu, na askari mwenye nidhamu huitii kama aitiivyo amri halali ya kamanda wake.

Kwa mawakili vijana wanaofanya kazi pamoja nasi, mfano wa marehemu una funzo la kila siku. Kamanda mwenye haraka hupenda kuambiwa kwamba jambo lawezekana. Wakili mwema humwambia kwanza kama ni halali, na humwambia mapema, kabla mtu hajafungwa mlango. Kwa askari na polisi, funzo ni jepesi zaidi. Ukimshika mtu, mwambie sababu kwa lugha anayoielewa. Andika jina lake katika kitabu cha matukio, pamoja na saa na jina lako wewe uliyemshika. Mpeleke kunakopasa kwa wakati. Hapo utakapoulizwa yuko wapi, utakuwa na jibu.

Mjini Kampala, karibu na vituo vya teksi, iko barabara iitwayo Ben Kiwanuka. Maelfu hupita hapo kila siku, na miongoni mwao ni askari wengi wanaokwenda likizo au wanaorudi kazini. Tunawaomba wakipita wakumbuke kwamba jina lile ni la sajini meja mwenzao, aliyeulizia habari za mshikwa mmoja kwa mujibu wa kazi yake, akalipa kwa uhai wake.