SPEKE NA HABARI ILIYOZAMA KATIKA MANENO

Mwishoni mwa mwaka 1861 msafara wa Mwingereza mmoja ulikwama Usui, nchi iliyokuwa katika eneo ambalo leo ni Wilaya ya Biharamulo, jirani na Ngara. Mtemi Suwarora alimtoza hongo ya nguo, shanga na masango ya shaba, wala hakukubali kuonana naye. Mgeni huyo alikuwa John Hanning Speke. Safari zake zimekwisha kusimuliwa mara nyingi. Leo twapenda kuitazama kalamu yake, maana ina somo kwa kila mwanachama na kila mfanyakazi aandikaye habari.

Speke alizaliwa mwaka 1827, akawa askari wa Waingereza huko Bara Hindi. Mwaka 1858, akiwa safarini na Richard Burton, alimwacha mwenzake mgonjwa Tabora, akaenda kaskazini hata akafika kwenye ziwa kuu ambalo wenyeji walilijua tangu kale. Papo hapo aliamini kwamba humo ndimo utokamo mto Naili. Burton hakukubali. Mwaka 1860 Speke alirudi pamoja na James Grant na Sidi Mubarak Bombay, Myao aliyekuwa mkalimani na msimamizi wa msafara. Walipita Unyamwezi, Usui, Karagwe kwa Rumanika na Buganda kwa Mutesa. Tarehe 28 Julai 1862, karibu na mahali ulipo mji wa Jinja, Speke aliyaona maji yakitoka ziwani.

Mwaka 1863 alipeleka simu London. Kwa maneno machache alieleza kwamba suala la Naili limekwisha. Habari hiyo ilieleweka mara moja, naye akapokewa kwao kwa shangwe.

Kisha akaandika kitabu, na hapo ndipo taabu ilipoanza. Mswada wake ulikuwa umevurugika hata mchapishaji akalazimika kumtafuta mwanahistoria wa Scotland, John Hill Burton, autengeneze. Hata hivyo kilitoka kitabu cha kurasa zaidi ya 600. Humo mna hongo baada ya hongo, ugomvi wa wapagazi, mambo ya barazani kwa Mutesa, hata vipimo vya mwili wa mwanamke mmoja wa jamaa ya Rumanika. Lakini jambo lililongojewa na wasomaji, yaani uthibitisho, lilikuwa haba. Speke hakulizunguka ziwa, wala hakuufuata mto hatua kwa hatua mpaka chini.

Wapinzani wake hawakukawia. James M'Queen aliviokota vile vijambo vidogo vya Karagwe na Buganda, akavitumia kumdhihaki mwandishi na kuitia shaka habari yenyewe. Ikapangwa Speke na Burton wakabiliane mbele ya wataalamu mjini Bath, mwezi Septemba 1864. Siku moja kabla ya mkutano, Speke alikufa kwa risasi ya bunduki yake mwenyewe akiwa mawindoni. Alikuwa na umri wa miaka 37. Mwaka 1875 Henry Morton Stanley alilizunguka ziwa, ikaonekana kwamba Speke alisema kweli.

Basi alikuwa na kweli mkononi, akaifunika kwa maneno yake mwenyewe. Hatusemi kwamba kila jambo dogo ni takataka. Hongo ya Usui yatufundisha hata leo kwamba nchi hiyo ilikuwa na mtawala na sheria, na mgeni mwenye bunduki alizitii. Lakini jambo hilo likisemwa mara moja latosha. Likirudiwa mara kumi halimwongezei msomaji kitu.

Ndugu zetu wa Ngara na Biharamulo, na popote pengine, waandikapo habari za mkutano wa tawi, kisima au ushirika, hawana budi kujiuliza: ni jambo gani lililoamuliwa, nani limhusu, na lathibitishwa na nini? Hayo yatangulie. Orodha ya wageni, salamu na sifa zisizo na kazi ziachwe. Mfanyakazi asomaye gazeti kabla ya zamu hana saa ya kuchimbua. Mwenye kelele hana neno. Mwenye neno na aliseme, kisha aweke kalamu chini.