Komanda wa Mimi na Toutou

Wandugu wanafunzi, na ninyi waalimu wetu, sisi wakaaji wa Saio tunataja kila siku jina la mji wa Ethiopia, kule askari wa Kongo walishinda Waitaliano mwaka 1941. Basi tumeona vema kuwaelezea mtu wa vita ingine, ile ya ziwa Tanganyika.

Geoffrey Spicer-Simson alizaliwa Tasmania mwaka 1876. Aliingia jeshi la maji la Uingereza angali kijana. Alipenda sana kujisifu, lakini cheo hakikupanda upesi. Tarehe 11 Novemba 1914, sumarini ya Wadachi ilipiga manowari Niger, moja ya zile alizosimamia, ikazama. Yeye alikuwa pa nchi kavu, hotelini pamoja na wageni. Haya kubwa!

Mwaka 1915 alipewa kazi ya mbali: kuleta mashua mbili za motere, Mimi na Toutou, toka London mpaka Tanganyika, maana Wadachi walitawala lile ziwa. Msicheke, wandugu: Mimi hii ni jina ambalo watoto Wafaransa wanaita paka, na Toutou ni mbwa. Meli ilizileta mpaka Cape Town, kisha gari la moshi mpaka Fungurume. Toka pale njia ilikuwa hapana. Wakongo wengi walikata miti, wakajenga madaraja, wakavuta kamba pamoja na ngombe na mashini za mvuke, kupita milima ya Mitumba. Kisha mto Lualaba, na mwisho Kalemie.

Tarehe 26 Desemba 1915 waliteka Kingani. Tarehe 9 Februari 1916 walizamisha Hedwig von Wissmann. Inasimuliwa kwamba Waholoholo wa pale walifinyanga sanamu zake za udongo, na sketi yake ileile aliyozoea kuvaa. Lakini meli kubwa Götzen ilipotokea, hakutaka kupigana nayo. Alipata nishani, lakini hakupewa tena manowari ya kuongoza. Alikufa Kanada mwaka 1947.

Sisi wenye kusimamia kazi ya mikono tumejiuliza. Uwanja ukiwa safi, tunasifiwa sisi. Wenye kushika fagio ni wengine. Sanamu na nishani vilikuwa vya mtu mmoja, lakini bila ile mikono ya Mitumba, Mimi na Toutou hazingegusa maji. Wandugu, tukitaja Saio, tukumbuke pia wale waliotembea nyuma ya majenerali.