Karl Schwarzschild

Karl Schwarzschild (9 Oktoba 1873 – 11 Mei 1916) alikuwa mwanafizikia na mwanaastronomia kutoka nchini Ujerumani.

Anakumbukwa hasa kama mtu wa kwanza aliyepata jibu kamili la milinganyo ya nadharia ya uhusianifu ya jumla ya Albert Einstein. Alifanya kazi hiyo akiwa mwanajeshi katika Vita Kuu ya Kwanza ya Dunia, miezi michache kabla ya kifo chake. Hesabu zake zikawa msingi wa elimu ya mashimo meusi. Hadi leo zinasaidia kujibu swali ambalo watu wengi huuliza: kungetokea nini kama shimo jeusi lingeingia katika Mfumo wa Jua?

Maisha ya awali

Schwarzschild alizaliwa katika mji wa Frankfurt am Main. Alikuwa mtoto wa kwanza katika familia ya Wayahudi. Baba yake alikuwa mfanyabiashara. Jina la ukoo wao linamaanisha "ngao nyeusi" kwa Kijerumani.

Tangu utotoni alipenda kutazama nyota. Mwaka 1890, alipokuwa bado mwanafunzi wa sekondari mwenye umri wa miaka 16, makala zake mbili kuhusu mwendo wa nyota maradufu zilichapishwa katika jarida la wataalamu. Alisoma kwenye vyuo vikuu vya Strasbourg na München, akapata shahada ya uzamivu mwaka 1896 chini ya mwanaastronomia Hugo von Seeliger.

Kazi ya astronomia

Kuanzia mwaka 1897 alikuwa msaidizi kwenye paoneaanga pa Kuffner mjini Vienna, Austria. Hapo alichunguza jinsi ya kupima mwangaza wa nyota kwa kutumia picha badala ya kutegemea macho ya mtazamaji.

Mwaka 1900 alitoa hotuba mjini Heidelberg kuhusu uwezekano wa kwamba anga lenyewe limepinda. Alitumia vipimo vya umbali wa nyota kukadiria upindaji huo usingeweza kuzidi kiasi gani. Hii ilikuwa miaka 15 kabla ya Einstein kukamilisha nadharia yake.

Mwaka 1901 alipewa nafasi ya profesa na mkurugenzi wa paoneaanga pa Göttingen, ambako alifanya kazi karibu na wanahisabati mashuhuri kama David Hilbert na Hermann Minkowski. Mwaka 1905 alisafiri hadi Algeria kutazama kupatwa kwa Jua. Mwaka uliofuata alichapisha maelezo ya jinsi joto linavyopita katika angahewa ya Jua kwa njia ya mnururisho.

Mwaka 1909 alimwoa Else Rosenbach, na mwaka huohuo alihamia Potsdam kuongoza paoneaanga pa astrofizikia, nafasi iliyokuwa miongoni mwa zile za juu kabisa kwa mwanaastronomia nchini Ujerumani. Walizaa watoto watatu: Agathe, Martin na Alfred.

Vita na milinganyo ya Einstein

Vita ilipoanza mwaka 1914, Schwarzschild alijitolea kuingia jeshini ingawa alikuwa na umri wa zaidi ya miaka 40. Alihudumu kwenye kituo cha hali ya hewa nchini Ubelgiji, kisha akapiga hesabu za mwendo wa makombora ya mizinga nchini Ufaransa, halafu akapelekwa upande wa mashariki dhidi ya Urusi.

Mnamo Novemba 1915 Einstein aliwasilisha nadharia yake mpya mbele ya Akademia ya Sayansi ya Prussia mjini Berlin. Nadharia hiyo inaeleza kwamba graviti hutokana na kupinda kwa anga-wakati karibu na masi. Milinganyo yake ilikuwa migumu sana, na Einstein mwenyewe alikuwa ametumia makadirio tu alipoeleza mwendo wa sayari Utaridi. Hakutegemea kwamba jibu kamili lingepatikana haraka.

Schwarzschild alisoma taarifa hiyo akiwa bado jeshini. Tarehe 22 Desemba 1915 alimwandikia Einstein barua yenye jibu kamili kuhusu graviti nje ya gimba la mviringo lisilozunguka, kama vile nyota. Einstein alishangaa kuona jambo hilo limefanyika kwa njia rahisi kiasi hicho. Aliwasilisha makala hiyo mbele ya Akademia mnamo Januari 1916. Makala ya pili, iliyohusu hali ndani ya gimba lenyewe, ilifuata mwezi Februari.

Ugonjwa na kifo

Akiwa vitani Schwarzschild alipatwa na ugonjwa adimu wa ngozi ambao kinga ya mwili hushambulia ngozi yenyewe na kuleta malengelenge yenye maumivu makali. Wakati huo haukuwa na tiba. Alirudishwa nyumbani mnamo Machi 1916.

Hata hivyo aliendelea kufanya kazi. Makala yake ya mwisho ilihusu fizikia ya kwanta, yaani jinsi uwanja wa umeme unavyoathiri nuru inayotolewa na atomu. Alifariki mjini Potsdam tarehe 11 Mei 1916 akiwa na umri wa miaka 42, akazikwa Göttingen.

Nusukipenyo cha Schwarzschild

Katika hesabu zake kuna umbali maalumu kutoka katikati ya gimba, ambao leo huitwa nusukipenyo cha Schwarzschild. Kama masi yote ya gimba ingebanwa ndani ya umbali huo, hata nuru isingeweza kutoka. Umbali huo hutegemea masi pekee:

- Jua: takriban kilomita 3
- Mshtarii: takriban mita 2.8
- Dunia: takriban milimita 9, yaani Dunia nzima ingekuwa na ukubwa wa gololi

Schwarzschild mwenyewe hakudhani kwamba kitu cha namna hiyo kinaweza kuwepo. Kwake ilikuwa sehemu ya hesabu isiyofikiwa na nyota yoyote halisi. Mwaka 1939 Robert Oppenheimer na Hartland Snyder walionyesha kwamba nyota kubwa iliyokwisha fueli yake inaweza kuporomoka ndani ya mpaka huo. Jina la shimo jeusi lilienea baada ya mwaka 1967 kupitia mwanafizikia Mmarekani John Wheeler.

Shimo jeusi likiingia katika Mfumo wa Jua

Wengi hudhani kwamba shimo jeusi hufyonza kila kitu kilichopo angani. Hesabu za Schwarzschild zinaonyesha kuwa sivyo. Mbali na mpaka wake, shimo jeusi huvuta sawasawa na nyota yoyote yenye masi ileile. Kama Jua lingebadilishwa ghafla kuwa shimo jeusi lenye masi yake, sayari zote zingeendelea kwenye obiti zao. Dunia ingekosa nuru baada ya dakika 8 hivi na kuanza kuganda, lakini isingemezwa.

Hatari ingekuwa kubwa zaidi kama shimo jeusi lingetoka nje. Tuchukue mfano wa shimo lenye masi ya Jua mara 10. Upana wake ungekuwa kilomita 60 tu, nalo lisingetoa nuru yoyote. Lingetambuliwa kwanza kwa athari zake: nyotamkia na sayari za nje zingeacha njia zao za kawaida, na nuru ya nyota zilizo nyuma yake ingepindwa.

Likifika umbali wa kilomita milioni 470 hivi kutoka Dunia, lingeivuta Dunia kwa nguvu sawa na Jua, ingawa lingekuwa mbali mara tatu zaidi kuliko Jua. Obiti ya Dunia ingevurugika. Sayari yetu ingeweza kusukumwa karibu na Jua na kuungua, au kutupwa nje katika giza na kuganda. Viumbe hai wengi wangekufa bila Dunia kuligusa shimo lenyewe. Kama Dunia ingelikaribia kufikia kilomita milioni 1 hadi 2, upande ulio karibu ungevutwa kwa nguvu zaidi kuliko upande wa mbali, na sayari ingepasuka vipande. Sehemu tu ya mabaki hayo ingeangukia ndani.

Tukio hilo lisingekuwa la ghafla. Kwa kasi ya kilomita 50 kwa sekunde, shimo hilo lingehitaji takriban miaka 6,000 kupita umbali wa mwakanuru 1. Shimo jeusi la karibu zaidi linalojulikana, Gaia BH1, liko umbali wa miakanuru 1,560 hivi, na halitazamiwi kufika kwetu.

Kumbukumbu

Mke wake na watoto walibaki Ujerumani. Baada ya Wanazi kushika utawala familia ilitawanyika. Agathe alikuwa mtaalamu wa fasihi ya Kigiriki nchini New Zealand. Martin alikimbilia nje na kuwa mwanaastronomia mashuhuri nchini Marekani. Alfred alifariki mwaka 1944 wakati wa mateso ya Wayahudi.

Kasoko moja ya Mwezi na asteroidi 837 Schwarzschilda zina jina lake, pamoja na paoneaanga pa Tautenburg nchini Ujerumani. Medali ya Karl Schwarzschild hutolewa kwa wanaastronomia tangu mwaka 1959, na wa kwanza kuipokea alikuwa mwanawe Martin.

Mwaka 2019 picha ya kwanza ya kivuli cha shimo jeusi, lililopo katikati ya galaksi M87, ilitangazwa. Ukubwa wa kivuli hicho hupimwa kwa kulinganishwa na nusukipenyo cha Schwarzschild.