Béla Bartók: Gwiji wa piano aliyezifuata nyimbo za wachungaji

Katika orodha ya magwiji wa muziki wa karne ya 20, jina la Béla Bartók wa Hungaria halikosekani. Hata hivyo, wengi wanaolifahamu jina hilo hawajui kwamba sehemu kubwa ya muziki wake ilichotwa vijijini, kwa wakulima na wachunga nguruwe.

Bartók alizaliwa Machi 25, 1881, katika mji wa Nagyszentmiklós, ambao siku hizi umo nchini Romania. Baba yake, mkuu wa shule ya kilimo, alifariki dunia mwaka 1888. Mama yake, Paula, aliwalea watoto wawili kwa kazi ya ualimu, na ndiye aliyemfundisha mwanawe piano.

Enzi hizo, wakazi wa mijini waliamini kuwa muziki wa asili wa Hungaria ni ule uliopigwa mikahawani na bendi za Waroma. Nyimbo za vijijini zilidharauliwa.

Mwaka 1904, Bartók alimsikia yaya kutoka Transylvania, Lidi Dósa, akiimba, na mtazamo wake ukabadilika. Mwaka uliofuata alikutana na Zoltán Kodály, na mwaka 1906 wakachapisha pamoja nyimbo 20 za vijijini.

Tangu hapo alizunguka vijijini na fonografu, mashine iliyonasa sauti kwenye silinda za nta. Kazi haikuwa rahisi, kwani bibi vizee waliozijua nyimbo za kale waliona haya kumwimbia mgeni wa mjini.

Wachungaji walikuwa na hazina yao: filimbi, pembe na zumari la mfuko wa ngozi. Mwaka 1910, huko Ipolyság, alinasa sauti za ala zao. Nyimbo za wachunga nguruwe zilikuwa za kasi, na wenyewe walizichezea wakiwa na fimbo au shoka.

Bartók alikusanya pia nyimbo za Waslovakia na Waromania, na mwaka 1913 alifika Biskra, Algeria. Kazi hiyo ilimponza. Hungaria iliposhindwa vitani na kupoteza sehemu kubwa ya ardhi yake, mwaka 1920 alishutumiwa kukosa uzalendo kwa kuandika kuhusu muziki wa Waromania. Hakurudi nyuma, mwaka 1936 alikwenda kurekodi nyimbo Uturuki.

Akiuchukia Unazi, alihamia Marekani Oktoba 1940. Huko aliugua saratani ya damu, akafariki dunia New York Septemba 26, 1945, bila kuiona tena nchi yake. Mabaki yake yalirejeshwa Budapest mwaka 1988 na kuzikwa kwa heshima zote za kitaifa.

Mwaka 1972, vijana wa Budapest walianzisha nyumba za ngoma, wakajifunza kucheza kama wanavijiji. Mwaka 2011, UNESCO iliuorodhesha utaratibu huo miongoni mwa njia bora za kuhifadhi urithi. Mji uliozidharau nyimbo hizo sasa unazicheza.