Khalid bin Barghash: Sultani wa siku mbili aliyeacha kasri likiteketea

HADI Agosti 1896, meli zilizotia nanga Unguja zililakiwa na safu ya majumba ya kifalme yaliyounganishwa kwa vivuko vya juu. Safu hiyo ilivunjwa na moto wa asubuhi moja, na kisa chake hakitenganishwi na maisha ya Khalid bin Barghash.

Khalid alizaliwa mwaka wa 1874. Babake, Sultani Barghash bin Said, ndiye aliyeupa mji maji ya mifereji na kujenga Beit al-Ajaib mwaka wa 1883. Majumba hayo yalikuwa na mbao nyingi. Fahari ya wakati wa amani, kuni wakati wa vita.

Sultani Hamad bin Thuwaini alipofariki ghafla Agosti 25, 1896, Khalid aliingia kasrini na kujitangaza mrithi. Waingereza walishikilia kuwa hakuna wa kutawazwa bila idhini ya balozi wao, nao walimtaka Hamoud bin Mohammed. Khalid alikusanya watu wapatao 2,800, wengi wao raia na watumwa, akiamini kwamba mizinga haitalia. Hesabu hiyo iliwagharimu wengine kuliko ilivyomgharimu yeye.

Agosti 27, saa tatu na dakika mbili asubuhi, manowari zilifyatua. Moto ulishika mbao mara moja. Kwa muda wa dakika 40 hivi, watu wapatao 500 waliuawa au kujeruhiwa. Khalid alikuwa amekimbilia ubalozi wa Ujerumani, na Oktoba 2 Wajerumani walimsafirisha kwa meli hadi Dar es Salaam.

Mji haukurudi ulivyokuwa. Beit al-Sahel ilijengwa upya, lakini mahali pa Beit al-Hukm, makao ya wanawake wa kasri, palifanywa bustani. Mnara uliosimama peke yake mbele ya Beit al-Ajaib uliharibiwa. Mwaka wa 1897 mnara wa saa ukajengwa kwenye uso wa jumba lenyewe. Huo ndio ulioporomoka Desemba 2020.

Mwaka huohuo wa 1897, chini ya Hamoud, utumwa ulipigwa marufuku kisheria.

Waingereza walimkamata Khalid mwaka wa 1916, wakampeleka uhamishoni Ushelisheli na kisiwa cha St Helena. Baadaye waliruhusu arudi Afrika Mashariki. Alifariki Mombasa mwaka wa 1927.